Gari Lililoinuliwa, Barabara Iliyolowa na Safari ya Mgonjwa wa Kirando

Majeruhi wa ajali za msimu wa mvua mara nyingi huieleza ajali kwa maneno machache: dereva alikanyaga breki, gari likaendelea kwenda. Lawama hupewa mvua. Mimi ni daktari bingwa wa mifupa, wala si fundi wa magari, lakini namna gari linavyosimama au kushindwa kusimama ndiyo huamua majeraha tunayoyatibu. Makala haya yanahusu magari ambayo springi zake zimeongezwa au kuinuliwa, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa katika njia mbaya na ndiyo yanayokodiwa kubeba wagonjwa.

Kirando iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga takriban mita 1,800. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Kirando kupitia Namanyere hadi Sumbawanga hupanda zaidi ya mita 1,000, na mama anayerejea na mtoto mchanga huteremka kiasi hichohicho. Mvua za Ufipa hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutumika gari la mtu binafsi. Hata mfumo wa m-mama, ambao hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115, huwatumia madereva wa kawaida. Gari hilo jana yake huenda lilibeba magunia ya dagaa.

Mwenye gari huliinua kwa sababu ya maana. Mawe na makorongo hugonga chini ya gari, na mzigo mzito huliinamisha nyuma. Hivyo fundi huweka spesa, yaani vipande vya kuinulia, juu ya springi za mbele, na nyuma huongeza mabamba ya springi. Jiwe lililokuwa likigonga haligongi tena, na dereva huamini kuwa gari lake sasa linaiweza barabara. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kupita juu ya jiwe ni jambo moja, kushika barabara ni jingine.

Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Uzito wote wa gari, breki zake na usukani wake hutegemea viganja hivyo vinne. Gari likiinuliwa bila magurudumu kupimwa na kunyooshwa upya, tairi huweza kuinama na kukanyaga kwa ukingo mmoja, au magurudumu ya mbele yakaelekea pande tofauti kidogo na kuburuzwa daima hata njia inaponyooka. Dalili yake ni tairi kulika upande mmoja, mara nyingi upande wa ndani ambao mpita njia hauoni. Mabamba yaliyoongezwa kwa ajili ya magunia huwa magumu mno gari likiwa na mgonjwa mmoja na ndugu wawili: gurudumu la nyuma hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki. Upepo uliojazwa kwa kipimo cha mzigo mkubwa nao hupunguza lile eneo la kiganja. Shokapu, ambazo wengine huziita shokomzoba, kazi yake ni kutuliza mruko huo. Zikichoka, hakuna wa kuutuliza.

Barabarani pakiwa pakavu upungufu huu hauonekani, na ndiyo maana dereva huapa kwamba gari halina tatizo. Tuchukue hesabu ya mfano. Gari linateremka kwa kilomita 40 kwa saa, mahali ambapo njia hushuka mita 10 kwa kila mita 100. Kwenye changarawe kavu, breki zikishika vizuri, litasimama baada ya mita 13 hivi. Kwenye tope, mshiko ukibaki theluthi moja ya ule wa awali, litahitaji mita 63. Sasa tuondoe robo ya mshiko huo mdogo uliobaki, kwa sababu tairi linakanyaga kwa ukingo na la nyuma linaruka: umbali unakuwa mita 126. Robo moja imeongeza umbali maradufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshiko hutumika kupambana na mteremko kabla gari halijaanza kupunguza mwendo.

Kwenye lami kati ya Namanyere na Sumbawanga hatari hubadilika sura. Tope lililojaa katika mifereji ya tairi huizuia kukamua maji, na tairi kipara halina mifereji kabisa. Mwendo ukiwa mkubwa, maji huliinua tairi likaelea, na usukani huwa mwepesi ghafla. Hapo dereva asikanyage breki kwa nguvu wala kukata kona. Aachie mafuta taratibu na kushika usukani unyooke. Gari lililoinuliwa pia kitovu cha uzito wake kimepanda, kwa hiyo likiteleza ubavu na kukumba ukingo wa korongo hupinduka kwa urahisi zaidi.

Mhudumu anayemkabidhi mgonjwa kwa dereva ana haki ya kuzunguka gari. Apapase tairi upande wa ndani kwa mkono. Katika nchi nyingi kina cha mifereji hakiruhusiwi kupungua milimita 1.6, na kwenye maji hata hicho ni kidogo. Abonyeze kila kona ya gari na kuachia: likiendelea kupanda na kushuka mara kadhaa, shokapu zimekwisha. Aulize upepo ulijazwa kwa mzigo gani. Kama kuna gari jingine lisiloinuliwa lenye matairi mazuri, nalo linaweza kupita, mimi ningelichagua hilo. Ndugu wa mgonjwa nao wasione haya kumwambia dereva apunguze mwendo.

Mama mjamzito afunge mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu ipite kati ya matiti. Gari likipinduka, asiyefunga mkanda hurushwa, na tunaanza kuzungumzia uti wa mgongo. Majeruhi wa namna hiyo asivutwe mikono wala kukalishwa, isipokuwa pana moto au maji; kichwa na shingo vishikwe katika mstari mmoja na kiwiliwili. Paja lililovunjika laweza kuficha damu inayofikia lita moja na nusu bila tone kuonekana nje.

Na mjamzito aliyetikiswa na ajali, hata akishuka kwa miguu yake na kusema hajaumia, asiruhusiwe kwenda nyumbani papo hapo. Kondo la nyuma huweza kubanduka bila damu kutoka ukeni. Apimwe mapigo ya moyo wa mtoto na kuangaliwa kwa saa nne au zaidi. Tumbo likikaza, likiuma au damu ikitoka, muda huo uongezwe na rufaa iandaliwe.