Mipango ya Kawi ya Kaunti Ianzie Jikoni

Mwaka jana niliandamana na wanafunzi wangu wa isimu hadi kijiji kimoja cha mashambani, tukifanya utafiti wa lahaja. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukirekodi usemi wa mzee mmoja wakati alipofika kijana mwenye kitambulisho shingoni na fomu mkononi. Alikuwa ametumwa kukusanya takwimu za mpango wa kawi wa kaunti hiyo. Akaamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mzee, hapa kwako mnatumia kawi gani?"

Mzee alimtazama kidogo, akajibu: "Kawi haijafika huku, mwanangu. Tunasikia iko kule sokoni."

Kijana akaandika "hakuna", akashukuru, akaelekea boma la pili. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa ukifuka kutoka jikoni, ambako mke wa mzee alikuwa akichemsha maharagwe kwa kuni tangu asubuhi. Juu ya bati palikuwa na kipande cha sola kisichozidi ukubwa wa daftari, na ndicho kilichokuwa kikiendesha redio tuliyoomba ipunguzwe sauti ili tuweze kurekodi. Bondeni tulisikia kinu cha dizeli kikisaga mahindi. Yote hayo, kwa mujibu wa fomu, yalikuwa "hakuna".

Msomaji asidhani kwamba mzee yule alikuwa mjinga, wala kijana yule mzembe. Kila mmoja alilitumia neno kama alivyolipokea. "Kawi" ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye kudokeza nguvu, nalo limeenezwa nchini mwetu na redio na magazeti hata waziri anayehusika tumezoea kumwita Waziri wa Kawi. Ndugu zetu wa Tanzania wameshikilia "nishati", ambalo pia ni la Kiarabu na asili yake ni uchangamfu. Mwananchi wa kawaida naye ana "stima", neno lililotokana na lile la Kiingereza la mvuke, ambalo hapo kale lilikuwa jina la meli kabla ya kuhamia kwenye nguzo na waya. Katika masikio ya mzee, kawi ni jambo la serikali: huja kwa gari kubwa, huzinduliwa na mheshimiwa, na huishia sokoni. Kuni alizokata mkewe si kawi. Ni kuni tu.

Lau suala hili lingekuwa la kamusi pekee, nisingelileta kwenye ukurasa huu. Lakini neno hilo moja hugeuka kuwa tarakimu, na tarakimu hugeuka kuwa nguzo za umeme, au kukosekana kwa nguzo.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 nayo, katika kifungu cha 5, inazitaka kaunti zote 47 ziandae mipango yao na kuiwasilisha kwa Waziri. Waziri naye huiunganisha kuwa mpango mmoja wa taifa, ambao unapaswa kudurusiwa kila baada ya miaka mitatu. Makueni ni miongoni mwa kaunti za mwanzo kuutoa mpango wake. Haya ni mageuzi makubwa kuliko wengi wetu tunavyotambua. Kwa miongo mingi kawi ilipangwa Nairobi na kwa ajili ya gridi ya taifa, na kwa hakika kazi kubwa ilifanyika: mvuke wa ardhini wa Olkaria umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na leo sehemu kubwa sana ya umeme wetu hutokana na mvuke huo, maji, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri zingelitamani jambo hilo.

Lakini tazama upande wa pili. Kule Marsabit, karibu na Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ili uingie kwenye gridi. Simlaumu mhandisi aliyeuchora mkondo huo, kwani umeme mwingi kiasi hicho sharti uende kwenye wateja wengi. Hata hivyo, mpango unaoanzia kwenye mtambo humwona mfugaji anayeishi chini ya waya kama kitu kilichoko njiani tu. Mpango wa kaunti ulikusudiwa kuanzia upande wa pili, yaani kwa mtumiaji.

Na mtumiaji huyo ni nani? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 50.4 ya nyumba nchini zilitumia umeme wa gridi kama njia kuu ya kupata mwangaza, na asilimia 19.3 zikatumia sola. Ukiingia jikoni, picha inabadilika kabisa: asilimia 55.1 walipikia kuni, asilimia 11.6 makaa, na asilimia 23.9 gesi. Waliopikia umeme hawakufika hata asilimia moja. Maadamu hali ni hiyo, kaunti inayozungumzia stima peke yake imepanga nusu ya sebule na kuusahau moto.

Wataalamu wa mipango hufanya kazi kwa njia ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa. Huchukua ramani, wakaweka alama palipo na nyaya, wakahesabu nyumba, kisha wakakadiria kila kijiji kitatumia umeme kiasi gani. Kijiji kilichoko karibu na nyaya huunganishwa na gridi. Kilichoko mbali lakini kimesongamana hufaa gridi ndogo ya sola na betri. Nyumba zilizotawanyika hupewa sola ya nyumba moja moja. Hesabu yote hiyo hutegemea makadirio ya matumizi. Kijiji cha mzee wetu kikiandikwa "hakuna", kinu kile cha dizeli hakitahesabiwa kuwa mteja, ilhali mwenye kinu ndiye angelipa bili kubwa kuliko nyumba zote za kijiji zikijumlishwa. Ramani itaonyesha kwamba gharama haistahili, nguzo zitapita kwingine, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilianzia kwenye swali.

Halafu huja baraza la kushirikisha umma, ambalo Katiba inalilazimisha. Nimehudhuria mawili. Katika la kwanza, afisa alitoa maelezo ya saa nzima kwa Kiingereza, picha zikipita ukutani, kisha akauliza kwa Kiswahili kama kuna swali. Nyanya mmoja akainuka na kuuliza ikiwa watawekewa mulika mwizi nyingine karibu na zahanati. Maafisa wakatabasamu kana kwamba mama wa watu amepotea njia. Mimi niliona kwamba, katika yote yaliyosemwa siku hiyo, mulika mwizi ndicho kitu pekee kilichokuwa na jina. Taa hizo ndefu nazo zina faida yake, kwani muuza mboga huweza kuongeza saa mbili za biashara. Ila katika miji yetu mingi zimegeuka kuwa ndiyo sera nzima ya kawi, kwa sababu huonekana kutoka mbali na huzinduliwa kwa urahisi.

Ushirikishi wa aina hii una gharama yake kisheria. Mwezi Juni mwaka 2019, Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mradi wa megawati 1,050 wa makaa ya mawe kule Lamu, na moja kati ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Lamu, ambako Kiswahili kimetungiwa tenzi kwa karne kadhaa! Ikiwa pale mradi ulishindwa kuelezwa, utaelezwa wapi?

Kuna watakaonijibu kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno na Kiswahili hakina istilahi. Nimelisikia dai hili tangu nikiwa mwanafunzi, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajawahi kumsikiliza fundi wa umeme akiwa kazini. Fundi huyo husema waya, swichi, fyuzi, mita, tokeni, nguzo, betri, na husema "umeme unarudi chini" na mwanagenzi wake akamwelewa. Jiko la makaa lenye ganda la bati na moyo wa udongo, lililoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilisambazwa kwa mikono ya mafundi wa jua kali na wafinyanzi, nao sidhani walifundishana kwa Kiingereza. Istilahi kama "jadidifu" zinaweza kusubiri. Mtu anayejua kwamba jua la kesho halipungui kwa sababu ya sola ya leo, na kwamba mti uliokatwa hupungua usipopandwa mwingine, ameshaielewa dhana.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwanza, fomu za takwimu ziandikwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji na zijaribiwe kijijini kabla ya kuchapishwa. Pili, muhtasari wa kila mpango utolewe kwa Kiswahili, maana ni lugha ya taifa na rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, na kaunti haimfanyii mtu hisani kwa kukitumia. Tatu, na hapa nawalenga walimu: kila shule ya bweni nchini inajua lori ngapi za kuni huingia kwa muhula, maana risiti ziko ofisini. Darasa moja la hesabu likiketi na mpishi na risiti hizo, litapata takwimu ambazo kaunti huenda haina.

Baada ya kijana wa fomu kuondoka, mwanafunzi wangu mmoja alienda jikoni akauliza kwa njia yake: "Mama, jana mlipikia nini? Kuni zilitoka wapi? Nani alizileta?" Mazungumzo yalichukua dakika arobaini. Tulifahamishwa kuhusu msitu ulioisha, binti anayekosa masomo kila Ijumaa, bei ya gunia la makaa sokoni, na mtungi wa gesi uliowahi kununuliwa, ukaisha, na sasa ni kiti. Niliyaandika yote kwenye daftari la lahaja na kuipelekea ofisi ya kaunti nakala, pamoja na ombi la kuiona fomu itakayotumika watakaporudi. Bado nasubiri jibu.