Meli moja, maswali manne
Anayesoma akiolojia ya majini, urithi na usimamizi wa meli huuliza maswali matatu juu ya chombo kimoja. Tuchukue Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ziwa letu pia.

La akiolojia: iliundwaje, ikazamaje? Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. La urithi: injini za mvuke zilipong'olewa na kuwekwa za dizeli, kilichobaki cha kuhifadhi ni kipi? La usimamizi: nauli na mizigo vitatosha mafuta na mishahara ya mabaharia?

Mimi ninayesoma isimu naongeza la nne: inaitwaje? Liemba lilikuwa jina la ziwa lenyewe kwa wenyeji wa kusini. Livingstone aliliandika mwaka 1867. Wavuvi na mabaharia wa Kalemie na Uvira nao wana majina ya pepo, mawimbi na sehemu za mtumbwi. Tusipoyaandika, atakayeibua chombo kesho atakuta mbao na chuma bila majina.