Je, Wajua Kilichoua Injini ya Kwanza?

Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, iliyobeba Hiace nyingi za daladala Tanzania na za matatu Kenya, ina pistoni nne, na kila moja hupanda na kushuka milimita 96. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni husafiri mita 576 kabla dakika haijaisha. Kwa saa moja ni zaidi ya kilomita 34 za kupanda na kushuka ndani ya shimo moja la chuma, na safari yote hiyo hufanyika juu ya utando wa oili mwembamba usioonekana kwa macho. Ajabu ni kwamba injini iliyotunzwa huvumilia kazi hiyo kwa kilomita laki kadhaa.

Hata hivyo siku hufika. Gari linakataa kuwaka asubuhi mpaka lisukumwe, linatoa moshi wa bluu, oili inaisha kabla ya wakati, mlima mdogo tu unalishinda. Hapo mwenye gari huwekewa njia mbili mezani: injini yake ifanyiwe ovaholi, au anunue injini ya mtumba aifunge. Njia zote mbili ni nzuri, na zimerudisha barabarani magari mengi yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Lakini zote mbili huweza kushindwa kwa sababu wengi hawaulizi swali moja: injini ya kwanza iliuawa na nini?

Inapochakaa

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huibana hewa zaidi ya mara 20, joto lake hupanda kupita nyuzi 500, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kazi yote inategemea ringi zinazoizunguka pistoni: zizuie hewa isipite kushuka chini, na zizuie oili isipite kupanda juu. Ringi zikilegea, hewa haibanwi vya kutosha, joto halifikii kiwango, na ndiyo maana gari linagoma kuwaka asubuhi ya baridi.

Ukuta wa silinda nao hauliki sawasawa. Sehemu inayolika zaidi ni karibu na juu, pale ringi ya juu inapogota na kugeuka kushuka. Hapo joto na msukumo wa moto ni mkubwa kuliko kwingine, na oili ni kidogo. Hedi ikifunguliwa, pitisha ukucha kwenye ukuta huo kuelekea juu. Katika silinda iliyochoka ukucha utakwama kwenye kingo, ngazi ndogo inayoonyesha mahali ringi ya juu ilipoishia. Juu ya kingo hiyo chuma bado kina kipimo cha kiwandani. Chini yake kimekwisha kulika. Mara nyingi shimo lenyewe huwa limepoteza mviringo wake, hivyo ringi mpya zikiwekwa bila kuchonga silinda zitagusa hapa na kuacha pale.

Wauaji wakuu ni watatu: vumbi, joto na oili mbovu. Mchanga laini wa barabara zetu una madini ya kwatsi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha bloki. Kichungio cha hewa kikichanika, au mpira wake ukiachia upenyo, vumbi huingia kwenye silinda, huchanganyika na oili na kuwa msasa. Joto kupita kiasi hupinda hedi, huchoma gasketi na kuzifanya ringi zipoteze mkazo wake. Oili isiyobadilishwa kwa wakati hujaa masizi na asidi, ikazila beringi za krankshafti taratibu mpaka injini ianze kugonga.

Kutoka Tokyo hadi Gerezani

Injini nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zilianza maisha Japani. Nyingine hupitia kwanza Sharjah, kwenye yadi kubwa za spea za magari yaliyokwisha tumika. Hufika zikiwa peke yake, au zikiwa bado ndani ya nusu ya mbele ya gari lililokatwa.

Kwa nini Wajapani huachana na injini ambayo bado ina nguvu? Kwao gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na marekebisho yake hugharimu fedha nyingi. Wengi huona nafuu kununua gari jingine.

Kwa magari ya dizeli kulikuwa na msukumo zaidi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alianzisha kampeni dhidi ya moshi wa dizeli, akawa anawaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi meusi. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ikayapiga marufuku malori, mabasi na magari ya mizigo ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kilichowekwa. Magari mazima yenye injini nzima yakakosa barabara za kupita mjini kwao.

Kwa hiyo injini ya mtumba inaweza kuwa na maisha marefu mbele yake. Tatizo ni kwamba kilomita zake haziandikwi popote kwenye chuma. Mita ilibaki kwenye dashibodi ya gari lililokatwa, na anayekuambia imetembea kidogo hana njia ya kukuthibitishia. Inabidi injini yenyewe ihojiwe.

Kuihoji injini dukani

Usianze na mng'ao. Rangi ya fedha iliyopuliziwa juu ya bloki hufunika uvujaji, kutu na alama za spana. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake: utando wa hudhurungi ni kawaida, tope zito jeusi ni dalili ya oili iliyosahaulika, na povu la rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yamechanganyika na oili. Chungulia njia za maji. Zikiwa zimejaa kutu, injini hiyo iliendeshwa kwa maji matupu bila kulanti ya kuzuia kutu. Kagua boliti za hedi. Zikiwa na mikwaruzo mipya, au gundi ya gasketi ikionekana imechuruzika pembeni, jua kuna mtu alishaifungua, na uulize kwa nini.

Kisha mwombe fundi aizungushe krankshafti kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Iwe nzito kwa mpangilio, bila kukwama wala kukwaruza. Ikiwezekana bakuli la oili lililo chini ya injini lifunguliwe: vipande vya chuma vinavyometa ndani yake vinatosha kukufanya uage.

Kipimo kikubwa ni cha mgandamizo. Geji hufungwa mahali pa plagi, au mahali pa nozeli kwa dizeli, na injini huzungushwa kwa stata. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 150 na 200. Dizeli husoma juu zaidi ya hapo, kwa hiyo huhitaji geji yake maalumu. Hata kabla ya kuutazama ukubwa wa namba, zilinganishe silinda zenyewe. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, injini hiyo ina tatizo, hata kama tatu zilizobaki zinasoma vizuri. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

Ovaholi ya kweli

Neno ovaholi limekuwa likitumika kwa kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kubadilisha ringi na gasketi kisha kufunga. Ya pili ni kuijenga injini upya, na hiyo ndiyo inayostahili jina lake. Renault ya Ufaransa ilianza kuijenga upya mitambo iliyochakaa katika kiwanda chake cha Choisy-le-Roi mwaka 1949, kwa misingi ileile ambayo karakana nzuri ya kwetu inaweza kuifuata.

Injini hufunguliwa yote, kila kipande huoshwa na kupimwa kwa mikromita. Silinda zilizolika huchongwa zipanuke kidogo na kufungwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, 0.50 au zaidi. Krankshafti huchongwa nayo, ikapewa beringi nene zaidi. Ukuta wa silinda humaliziwa kwa mistari myembamba inayokatana, kwa makusudi, ili oili ipate pa kushika. Hedi husawazishwa na vikalio vya valvu husagwa.

Kuna kifaa kidogo kinachomtambulisha fundi makini: uzi mwembamba wa plastiki laini. Huulaza juu ya shingo ya krankshafti, akafunga beringi kwa spana ya kupimia nguvu, kisha akafungua tena bila kuizungusha. Uzi unakuwa umebonyea na kupanuka. Anaulinganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye karatasi iliyokuja pamoja na uzi huo, akapata kujua nafasi iliyobaki kwa ajili ya oili. Katika injini ndogo nafasi hiyo mara nyingi ni kati ya milimita 0.03 na 0.06, pungufu ya unene wa unywele. Ikizidi, presha ya oili hushuka; ikipungua, beringi hushika. Mwulize fundi wako namba alizozipata. Aliyepima atakuwa nazo, zimeandikwa.

Ugonjwa unaobaki ndani ya gari

Injini mbovu ikishushwa, vingi vilivyoiua hubaki ndani ya gari. Rejeta iliyoziba ipo palepale. Kichungio cha hewa kilichochanika kipo. Feni isiyovuta ipo. Injini mpya inapandishwa katikati ya vitu hivyo, na baada ya miezi michache lawama zinamwangukia muuzaji.

Temostati inastahili kutajwa peke yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye nyuzi 80 hivi, kisha kuyafungulia. Katika gereji nyingi hutolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba nchi zetu zina joto. Hoja hiyo ni potofu. Injini isiyofikia joto lake huunguza mafuta vibaya, hukusanya unyevu na asidi ndani ya oili, na hulika haraka zaidi. Tena katika injini nyingi za Toyota, temostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini inachemka zaidi. Miongozo ya Toyota yenyewe inakataza kuitoa hata gari linapochemka.

Basi kabla injini haijapanda, rejeta ifunguliwe na kusafishwa au ibadilishwe, temostati mpya ifungwe, na mabomba ya hewa yakaguliwe mpaka mwisho. Kwa dizeli, nozeli zipimwe, kwa maana nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huosha oili kwenye ukuta wa silinda. Injini ikiwa bado chini, badilisha sili za krankshafti, pampu ya maji na mkanda wa taimingi. Kwenye magari mengi ya dizeli ya Toyota taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi baada ya kilomita 100,000 kukumbusha kazi hiyo, lakini mita ya gari lako haijui mkanda wa injini uliyoinunua jana ulifungwa lini.

Siku za kwanza, na karatasi

Injini iliyojengwa upya isiachwe ikinguruma saa nzima bila kazi kwa kudhani ndiyo inalainika. Ringi hukaa vizuri zinaposukumwa na nguvu ya moto kuelekea ukutani, na nguvu hiyo hupatikana gari likitembea na kubeba mzigo wa wastani. Endesha kwa mwendo wa kupanda na kushuka, usiikamue, kisha umwage oili ya kwanza baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Hiyo ndiyo inayobeba vumbi la chuma la siku za mwanzo.

Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, taarifa hiyo ibadilishwe kwenye mamlaka inayosajili magari, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na risiti ya ununuzi itunzwe. Injini isiyo na risiti inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyeibiwa, na mwenye kujieleza polisi utakuwa wewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akikuambia injini yako imekufa, usikimbilie dukani siku hiyohiyo. Mwambie aifungue mbele yako, akuonyeshe kilichoiua kwa kidole: silinda iliyokwaruzwa na vumbi, hedi iliyopinda kwa joto, au beringi iliyokauka oili. Tengenezeni hicho kwanza, ndipo mkatafute injini nyingine.