Kusafisha Pua kwa Maji ya Chumvi: Chemsha Kwanza

Msimu wa kupura ndengu unapofika, vumbi la maganda huingia puani na kukaa. Kiboko huongezewa na lile la kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na si ajabu kwamba baadhi ya wakazi wanajaribu njia waliyoiona kwenye simu: kumimina maji ya chumvi katika tundu moja la pua yatokee tundu la pili.

Njia hiyo ni ya kale. Wanayoga wa India huiita neti, nayo ni mojawapo ya desturi sita za kusafisha mwili zilizoandikwa katika vitabu vya yoga vya karne ya 15. Hospitali nazo huitumia. Maji ya chumvi hulainisha kamasi na kuondoa vumbi, na humpunguzia adha mwenye aleji ya pua au sainasi sugu. Hayaponyi pumu wala kifua kikuu. Mwenye kikohozi kisichoisha apimwe kwanza.

Hatari iko kwenye maji yenyewe. Katika maji baridi yenye joto, yaani ya mito, mabwawa na hata matangi, huweza kuishi amiba iitwayo Naegleria fowleri. Ukiyanywa maji hayo, amiba hiyo haikudhuru. Yakipanda puani, inaweza kufika kwenye ubongo, na karibu kila anayeambukizwa hufariki. Ugonjwa huu ni nadra sana, lakini mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa.

Kwa hiyo maji ya kuchimba mchangani mtoni, ya kisima, ya tangi au ya bomba yasiingizwe puani yakiwa mabichi. Yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, yafunikwe, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu. Kikombe kimoja cha mililita 250 kinatosha nusu kijiko cha chai cha chumvi, bila kukijaza pomoni. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina polepole. Ukimaliza penga taratibu, kwa sababu kupenga kwa nguvu husukuma maji hadi masikioni.

Mtu anaweza kuuliza: visima vyetu vina maji ya chumvi tayari, kwa nini kuongeza nyingine? Chumvi ya kisima haijapimwa, na ladha yake haiui vijidudu. Kuchemsha nako hakuiondoi. Ni afadhali maji ya mvua yaliyovunwa, yakachemshwa.

Mwenye kutokwa damu puani, maumivu ya sikio au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni aulize zahanati kabla ya kujaribu. Watoto wadogo pia wasifanyiwe bila ushauri wa muuguzi.

Kuosha tumbo ni jambo jingine kabisa. Katika yoga, mtu hunywa glasi baada ya glasi ya maji ya chumvi hadi choo kiwe maji matupu. Hiyo ni chumvi nyingi mno kwa mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, na kwa joto la Kiboko kuharisha hivyo humkausha mtu upesi. Wajawazito, wazee na wenye kisukari wasithubutu. Mtu mwenye afya hana haja nayo, kwani figo na ini hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila malipo.

Kila mtu awe na birika lake, lioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi. Na yeyote atakayepata homa, maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa siku chache baada ya kuingiza maji puani aende hospitali siku hiyo hiyo, na amweleze daktari kuhusu maji hayo.