Pareto Yapenda Mteremko na Baridi

Mkulima wa Saboti akiipanda pareto mahali penye rutuba na maji kuliko pote shambani mwake, huenda akaja kulaumu miche bure. Asili ya mmea huu ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, nchi ambayo leo ni ya Kroatia. Huko huota wenyewe katika miteremko mikavu ya milima, katikati ya mawe. Mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama.

Basi lile bonde la chini liachieni mahindi. Pareto ipewe mteremko, kwa matuta yanayoukata mteremko huo ili mvua isichukue udongo. Baridi nayo ni lazima: bila majuma kadhaa ya usiku wa baridi, mmea hutoa majani tele na maua machache. Kwa hiyo wenye mashamba ya juu, karibu na msitu wa Mlima Elgon, wana bahati kuliko wenzao wa chini. Shamba lililo chini ya mita 1,800 halifai, hata jirani akikupa miche ya bure.

Zao hili lilianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Japani ndiyo iliyoongoza wakati huo. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipokata biashara yake, Kenya ikashika nafasi hiyo. Skimu zilipoanzishwa miaka ya 1960, pareto iliwapa wengi fedha za kulipia mashamba. Lakini katika miaka ya 2000 malipo yalichelewa mno, na wakulima wakaing'oa. Nani awalaumu? Kabla ya kupanda, mjue mnunuzi, bei na siku ya malipo, na mpate hayo kwa maandishi.

Kinachonunuliwa ni sumu ya kuua wadudu, ile itiwayo katika dawa za mbu. Hukaa hasa katika vijimbegu vya kitovu cha manjano. Ua lililofumba lina sumu kidogo. Ngojeni petali nyeupe zilale wazi, na vijiua vingi vya katikati viwe vimefunguka. Chumeni kila majuma mawili au matatu, bila vikonyo, kisha myatandaze maua siku ile ile, tabaka jembamba; yakirundikwa mabichi hupata moto na kuoza. Kilo nne au tano za mabichi hutoa kilo moja makavu. Yaliyokauka sawasawa husagika ukiyafikicha kwa vidole.