Ndugu Watano wa Milan na Kihamba cha Kilimanjaro

Filamu ya Kiitalia "Rocco e i suoi fratelli", yaani Rocco na ndugu zake, iliyoongozwa na Luchino Visconti na kutolewa mwaka 1960, inasimulia habari za mjane Rosaria Parondi, anayehama Lucania, eneo maskini la wakulima kusini mwa Italia, pamoja na wanawe kwenda kutafuta maisha huko Milan, mji wa viwanda alikotangulia mwanawe mkubwa, Vincenzo. Filamu imegawanywa katika sehemu tano, kila moja ikibeba jina la mwana mmoja, na kwa mpango huo mtazamaji anaona jinsi mji mmoja unavyowatenda ndugu wa tumbo moja kwa namna mbalimbali: Ciro anaajiriwa katika kiwanda cha magari cha Alfa Romeo, Simone anaanza na ndondi na kuishia katika mauaji, naye Rocco anapanda ulingoni ili kulipa deni la Simone.

Wakazi wa Majengo, kata ya Manispaa ya Moshi, wanaijua safari ya namna hiyo, kwa kuwa Moshi nao umekua kwa watu walioteremka kutoka Mlima Kilimanjaro. Kwa mila ya Wachaga, wenyeji wa mlima huo, kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hurithiwa kwa kumtanguliza mtoto wa kiume wa kwanza na yule kitinda mimba, ambaye hubaki na nyumba ya wazazi, ilhali wa katikati hutarajiwa kujitafutia ardhi. Watu walipoongezeka, na kahawa, zao la kudumu lililouzwa kupitia ushirika wa KNCU ulioanzishwa mwaka 1933, ilipoishika ardhi moja kwa moja, hao wa katikati walibakiwa na tambarare na mji.

Hata hivyo, akina Parondi walihama na mama yao, wasiache mtu wa kuwalindia makao, na Rocco anabaki kutumaini tu kwamba siku moja mmoja wao, huenda Luca aliye mdogo kuliko wote, atairudia ardhi ya kwao. Kilimanjaro tumaini hilo limewekewa utaratibu, kwani anayebaki kihambani huwapokea nduguze wanaopanda kila Desemba, na huko ndiko wafu wa ukoo huzikwa. Utaratibu huo utadumu iwapo tu kihamba hakitakatwa vipande visivyoweza kulisha mtu wala kuuzwa kwa siri; kwa hiyo wazazi wazungumze na watoto wao wote, wa kike na wa kiume, kuhusu ardhi hiyo wakiwa bado hai.