Landrova ya Zamani na Tela Lake

Wakati wa kiangazi unaweza kuona pale Magole gari la aina yake. Ni Landrova ya zamani, bati lake limebonyea hapa na pale, juu ya paa kuna hema lililokunjwa na madebe ya maji. Nyuma inavuta tela dogo la magurudumu mawili. Wengine husema hao ni watu wa madini. Wengine husema ni wapima ardhi. Mara nyingi siyo. Ni watu wanaosafiri kwa kupiga kambi. Wengine ni wageni wa nchi za mbali, na wengine ni Watanzania wenzetu. Wanapita Magole kwa kuwa barabara ya Morogoro kwenda Dodoma inapita hapa, ya Turiani inaanzia hapa, na jirani yetu Dumila kuna njia ya Rudewa, Kilosa mpaka Mikumi, kwenye hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964.

Sasa, mambo ya kupiga kambi yanatuhusu nini sisi wakulima? Yanatuhusu kwa sababu ya lile tela. Hapa kwetu Landrova ni chache, lakini matela ni mengi. Kuna matela ya pawatila yanayobeba mpunga, kuna ya trekta, kuna mikokoteni ya punda na ng'ombe. Kanuni za kuvuta ni zile zile. Anayevuta hema na sufuria na anayevuta magunia ya mpunga wanaweza kuanguka kwa kosa moja.

Kwanza tuseme kidogo juu ya gari lenyewe. Landrova ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati ule chuma kilikuwa adimu, kinagawiwa kwa kipimo, basi wakatumia bati la alumini kwa bodi. Ndiyo maana Landrova ya mwaka 1965 unaikuta bodi yake bado nzima, lakini chesisi yake, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Anayetaka kununua gari kama hilo asidanganywe na rangi. Alale chini aitazame chesisi.

Gari hili lilitengenezwa kwa mkulima wa Kiingereza, lilime, livute, lifike shambani. Huku Afrika Mashariki likawa gari la mabwana shamba, la polisi, la waganga na la askari wa wanyama pori. Zile za zamani zina springi za vyuma bapa vilivyopangana kama kurasa za daftari. Zina mahali pa kutia hendeli mbele, betri ikifa unazungusha kwa mkono. Ndani kuna vifimbo viwili vidogo. Chenye kichwa cha njano kinaunganisha magurudumu ya mbele, yote manne yakavuta. Chenye kichwa chekundu kinaingiza gia nzito, gari likaenda polepole lakini kwa nguvu nyingi. Hakuna mambo ya kompyuta. Fundi mwenye spana na akili anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Mwaka 1955 wanafunzi sita walitoka London kwa Landrova mbili, wakafika Singapore mwaka uliofuata. Na Oktoba 2024 wenye Landrova walikusanyika Arusha kwa mamia, za zamani na za karibuni, wakapita mjini kwa msafara. Gari limepata wapenzi wake, hilo hatubishi. Ila kwa maoni yetu linakula mafuta kama ng'ombe anavyokunywa maji, na anayelisifu sana mara nyingi siye anayelipia.

TELA LINAVYOFANYA KAZI

Tela dogo lina ekseli moja tu. Kwa hiyo ni kama mizani. Ukiweka mzigo mwingi nyuma ya ekseli, pua ya tela inataka kupanda juu. Ukiweka mwingi mbele, pua inalalia gari. Wengi hupakia vyovyote, mradi vitu vimeenea. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Tuchukue mfano. Tela na mzigo wake vina kilo 500. Hiyo ni sawa na magunia matano ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Pua ya tela inatakiwa ilemee gari kwa karibu sehemu moja ya kumi. Sehemu ya kumi ya 500 ni 50, yaani nusu gunia. Utapimaje kama huna mizani? Tela likiwa limepakiwa na kusimama mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, kisha inua pua yake kwa mikono. Mtu mzima mwenye nguvu ainue kwa taabu kidogo. Kama inanyanyuka kama kikapu kitupu, sogeza mzigo mbele. Kama watu wawili wanashindwa, rudisha mzigo nyuma. Vitu vizito, kama madebe ya maji na mafuta, vikae chini kabisa, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Hema na magodoro ndivyo vikae juu.

Kwa nini tunasisitiza hili la pua? Kwa sababu tela lenye pua nyepesi hucheza mkia. Gari likishika mwendo kwenye lami, tela linaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mwanzo. Dereva akishtuka akakanyaga breki kwa nguvu, tela linamsukuma, linajikunja ubavuni, gari linapinduka. Dawa yake siyo breki. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa bila kuukorogakoroga, mwendo upungue wenyewe. Halafu simama, upange mzigo upya.

Tena kumbuka kwamba matela mengi madogo hayana breki zake. Breki za gari moja zinasimamisha vitu viwili. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali unaohitajika breki zikishakanyagwa huwa kama mara nne. Ndiyo maana kwenye mteremko dereva mwenye busara anaingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Akisubiri mpaka katikati amechelewa. Breki zitapata moto na kuacha kushika.

Hebu tuangalie pia pale tela linaposhikana na gari. Pale pana pini au kichwa cha chuma cha mviringo. Kikichomoka, tela linakuwa na safari yake peke yake. Kwa hiyo pawepo mnyororo wa akiba unaofungwa kwenye chesisi. Tumeona matela yaliyofungwa pini ya msumari. Jamani! Msumari ni wa mbao. Na safari ikianza, baada ya kilomita kumi hivi simama, gusa kikombe cha katikati ya gurudumu kwa uangalifu. Kikiwa na uvuguvugu ni sawa. Kikiwa na moto wa kuunguza, beringi haina grisi au imekazwa mno, na gurudumu linaweza kutoka.

Usiku tela lisilo na taa ni mauti. Dereva wa basi anayekuja nyuma haoni kitu. Kama taa hazipo, usitembee usiku, basi. Na likiharibika barabarani, yale matawi ya miti tunayoweka yasiwe hatua tatu tu kutoka kwenye tela. Yaanze mbali, ili anayekuja apate nafasi ya kupunguza mwendo. Viakisi mwanga vya pembetatu ni bora zaidi, maana tawi usiku ni jeusi kama lami yenyewe. Na likiisha kutengenezwa, matawi yaondolewe.

Neno la watu kupanda tela. Wakati wa mavuno vijana na akina mama hukaa juu ya magunia ili wafike nyumbani. Tunaelewa, njia ni ndefu na nauli ni ghali. Lakini tela halina pa kushika, halina springi nzuri, na anayeanguka mbele yake anapitiwa na gurudumu kabla dereva hajasikia kelele, kwa vile injini ya pawatila inamziba masikio. Mtoto asipande kabisa. Wale wa Landrova huwezi kuwakuta wamepandisha mtu kwenye tela, hata awe mpishi.

MAJI YA MTO

Watu wa Magole hawahitaji kuambiwa juu ya mafuriko. Januari 2014 maji yaliingia Magole na Dumila, yakabomoa nyumba, na barabara kuu ya Dodoma ikakatika. Hata hivyo bado wako wanaoona Landrova ikivuka maji kwenye picha na kusema, "Kama ile inapita, na mimi nitapita."

Tufanye hesabu. Chukua tela lenye sanduku la urefu wa mita 1 na nusu na upana wa mita 1. Maji yakipanda sentimita 30 juu ya sakafu yake, na sanduku halivuji, tela limesukuma pembeni lita 450 za maji. Hayo ni zaidi ya madebe 22, na uzito wake ni kilo 450. Kama tela na mzigo havifiki kilo 450, tela linaelea. Halikanyagi tena chini. Linakuwa mtumbwi uliofungwa nyuma ya gari, na mkondo unalivuta pembeni pamoja na gari. Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili walilijua jambo hili. Walitengeneza tela dogo la robo tani la kuvutwa na gari la Jeep, wakaliziba ili lielee kwa makusudi. Yetu hatukuyatengeneza yaelee, ila yanaelea tu tukizubaa.

Wala usingoje maji yafike kwenye sanduku. Maji yanayokwenda kwa kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kuchukua gari dogo. Yakifika sentimita 60, hata gari kubwa la porini linaweza kuondoka. Chini ya maji ya tope huoni kama barabara bado ipo au imekwisha kuliwa. Wenye Landrova wenye uzoefu wakikuta mto umejaa wanapiga kambi mahali pa juu na kusubiri. Wana hema, wana chakula, hawana haraka. Mvua ikikatika milimani, mito yetu mingi hupungua kwa saa chache au siku moja. Na mahali pa mamba, kama kando ya Wami, mtu asiingie kupima kina kwa miguu.

WANAPOFIKA KAMBINI

Hifadhini Mikumi kuna maeneo ya kambi, mgeni hulipa ada na kufuata maelekezo ya askari. Chakula chote wanakifungia ndani ya gari au kwenye sanduku la tela. Harufu ya matunda humwita tembo, na ya nyama humwita fisi. Jiko la mkaa haliingizwi ndani ya hema hata kukiwa na baridi. Hewa ya mkaa haina harufu kali, mtu analala haamki. Hilo ni kweli kwa hema na ni kweli kwa chumba chako pia.

Wakitaka kulala kwenye ardhi ya kijiji, wapelekwe kwa mwenyekiti na mtendaji. Ardhi ya kijiji ina wenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Waonyeshwe mahali pa juu, pasipo na mkondo wa maji, mbali na kisima. Bei ya mahali, ya kuni na ya mlinzi isemwe jioni kabla hawajashusha hema. Wakidai wametoa fedha, waombe stakabadhi. Asubuhi, kabla hawajaondoka, moto wao umwagiwe maji na majivu yageuzwe, kisha mtu aweke kiganja juu yake. Kama bado kuna joto, wamwage debe jingine.